Nyumba ya Kupangisha Bukavu: Namna ya Kumpata Mpangaji Atakayekaa

Ukipita Nguba, Nyawera, Panzi au Bagira utayakuta maneno yale yale: «Maison à louer», yameandikwa kwa rangi kwenye geti, na namba ya simu chini yake. Anayepita anayasoma na kuendelea na safari. Hajui vyumba ni vingapi, hajui maji yanafika lini, hajui bei. Wengi watakaopiga simu watauliza hayo hayo matatu kisha wakate. Na yule aliyekuwa akitafuta nyumba kama hiyo hasa huenda hatapiga kabisa, maana amechoka kupanda vilima kwenda kutazama nyumba zisizomfaa.

Haya ninayoandika ni kwa bayeri (mwenye nyumba) wa kawaida: mjane mwenye anekse mbili ndani ya parseli yake, mwalimu aliyejenga Panzi tofali kwa tofali, ndugu walioachiwa nyumba ya urithi Ndendere, au mtu aliye Ulaya aliyemwachia mdogo wake funguo. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: mwambie mpangaji ukweli wa nyumba kabla hajauliza, uzuri wake na shida zake. Mpangaji mwema ana uwezo wa kuchagua. Akigundua kwamba umemdanganya juu ya maji, anaondoka. Anayebaki ni yule asiye na pa kwenda, au yule ambaye naye amejiandaa kukudanganya siku ya kulipa.

Zamani kidogo, bayeri wa Muhumba au La Botte angeweza kukaa akimngoja mtumishi wa shirika la kimataifa, alipiwe miezi mingi kwa mkupuo. Lakini ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, ulifunga shughuli zake Kivu Kusini mwishoni mwa Juni 2024. Waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025, benki zilifunga milango na mashirika mengi yakawaondoa watumishi wao. Mpangaji wa leo ni muuguzi wa Hospitali ya Panzi au wa Hospitali Kuu ya Mkoa, mwalimu, mchuuzi wa soko la Kadutu, mtu anayevuka Ruzizi kila asubuhi kwenda Kamembe na kurudi jioni, wanafunzi wa vyuo vya UCB, UOB pale Karhale au ISP wanaochanga chumba pamoja. Watu hawa hulipa kwa fedha wanayoipata mwezi kwa mwezi. Wanauliza sana kwa sababu kuhama ni gharama kubwa kwao, na mtu anayeuliza sana kabla ya kuingia ndiye unayemhitaji.

Kabla ya kutangaza, zunguka nyumba yako

Anza na maji. Mji wetu umekaa kando ya Ziwa Kivu, na bado familia nyingi huamka usiku kupanga bidoni kwa sababu bomba la REGIDESO limekauka siku nyingi za juma. Mwenye watoto atakuuliza habari za maji kabla ya bei. Kwa hiyo uwe na jibu kamili: yanafika siku gani na saa ngapi, yanapanda hadi bomba la ndani au yanaishia uani, na yakikatika watu wa mtaa huchota wapi. Taja pia ni mwendo wa dakika ngapi kurudi kutoka huko mtu akiwa na bidoni ya lita 20 mgongoni, tena akipanda.

Ukiwa na fedha ya kutengeneza jambo moja tu, nakusihi uiweke kwenye siterni (tangi) ya mvua. Mvua za Bukavu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na bati unalo tayari. Kinachokosekana mara nyingi ni mfereji wa pembeni mwa paa, kipande cha bomba, na sakafu imara ya saruji ya kubebea tangi. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita 50 za mraba likinyeshewa milimita 20, lita karibu 1,000 zimepita hapo, na bila mfereji zote zimeishia kumomonyoa uwanja wako na wa jirani aliye chini. Yaache maji ya mvua ya kwanza yaoshe vumbi la bati, funika tangi, na mweleze mpangaji wazi kwamba ya kunywa lazima yachemshwe au yatiwe dawa. Rangi mpya ya sebule humvutia mtu siku ya kutembelea. Siterni humfanya abaki mwaka wa tatu.

Umeme una shida yake. Unatoka mto Ruzizi, unaoanzia ziwani, lakini kituo cha Ruzizi ya kwanza kilijengwa miaka ya 1950, cha pili miaka ya 1980, na hiki cha pili tunakigawana na Rwanda na Burundi, huku mji ukipanda kila kilima. Delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, kila mtu anaijua, hakuna atakayekulaumu kwa hiyo. Kinachogombanisha watu ni kompteri (mita ya umeme). Katika parseli yenye nyumba kubwa na anekse tatu kwenye kompteri moja, mwenye friji, mwenye mashine ya kunyolea na mwenye balbu mbili wanaambiwa wagawane sawa, na amani inaisha hapo. Omba kompteri ya kila nyumba. Ikishindikana, weka kompteri ndogo za ndani, zisomwe siku moja kila mwezi wapangaji wote wakiwepo. Halafu mwite fundi umeme aangalie nyaya. Mitaa iliyobanana ya Kadutu na ya Ibanda imeungua mara nyingi mno, na nyaya zilizounganishwa ovyo ni sababu mojawapo. Mpangaji akiona waya mtupu juu ya dari la mbao, anajua ulivyo bila kukuuliza neno.

Jambo la tatu wengi hulificha, nalo ni ardhi. Sehemu kubwa ya Bukavu imejengwa kwenye miteremko, na Funu watu wanajua udongo unaosogea ni kitu gani. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 nalo liliacha nyufa kwenye kuta ambazo nyingine zimepakwa rangi tu. Kama ukuta wako una ufa, mwite fundi wa kujenga aseme kama ni wa plasta au wa msingi. Wa plasta uzibe. Wa msingi usimpangishe mtu mpaka utengenezwe, hata kama nyumba itakaa tupu. Nalisema hili kwa uzito wote: kodi ya miezi michache haiwezi kulipa watoto waliolala chini ya ukuta ambao wewe ulijua umechoka. Safisha mfereji wa kupitisha maji ya mvua, na ujue unamwaga wapi.

Mengine ni mafupi. Angalia choo na fosi septiki, kufuli na vitasa, bati linalovuja (ngoja mvua kubwa, ingia ndani, tazama juu). Angalia pia mahali pa kupikia. Familia nyingi bado zinapika kwa makala (makaa), na nyumba isiyo na kibanda au veranda ya kuwekea mbabula humlazimisha mama kupikia ndani, moshi ukajaa vyumbani na ukuta wako ukawa mweusi. Kibanda cha mabati manne hakigharimu sana.

Tangazo lenyewe

Hili ni tangazo la mfano. Linatosha kwenye ujumbe wa WhatsApp, kwenye karatasi ya kubandika dukani, au kusomwa redioni:

«Nyumba ya kupangisha Panzi, dakika 10 kwa miguu hadi Hospitali. Vyumba 3 vya kulala, sebule, jiko la ndani na kibanda cha makala uani. Choo na bafu ndani. Maji ya REGIDESO hufika usiku wa Jumanne na wa Ijumaa; siterni ya mvua lita 2,000. Umeme wa SNEL, kompteri ya peke yake. Gari halifiki mlangoni: ngazi 30 kutoka barabarani. Uzio wa matofali, geti la chuma. Bayeri anaishi parseli hiyo hiyo. Dola 150 kwa mwezi, garanti miezi 3, mkataba wa maandishi. Kutembelea ni bure, Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Piga simu kwanza.»

Tazama sentensi ya ngazi 30. Itamwondoa mwenye gari na mzee mwenye maumivu ya magoti. Vema, wangeondoka hata hivyo baada ya kupanda, nawe ungekuwa umepoteza asubuhi nzima. Tazama pia kwamba bayeri anaishi hapo hapo. Wengine hawataki kuishi chini ya macho ya mwenye nyumba. Wengine, hasa mama anayeishi peke yake na watoto, watakuja kwa sababu hiyo hasa. Kila neno la kweli linapunguza wasiofaa na kumsogeza anayefaa.

Bei iandikwe. Bayeri anayesema «tutaongea» anawapa watu wazo kwamba anatazama kwanza viatu vya mgeni ndipo ataje kiasi. Kuipata bei inayofaa, usiwaulize wenye nyumba wenzako peke yao, maana kila mmoja atataja kile anachotamani. Waulize wapangaji watatu au wanne wa mtaa wako wanalipa kiasi gani kweli. Kisha piga hesabu ya nyumba tupu. Tuseme majirani wanalipa dola 150, nawe unashikilia 180, na nyumba inakaa miezi 3 bila mtu. Umepoteza dola 450. Hata ukija kumpata wa 180, ile nyongeza ya dola 30 kwa mwezi itakuchukua miezi 15 kurudisha ulichopoteza. Na nyumba tupu Bukavu haikai salama: milango inaondoka, nyaya zinaondoka, na mtu asiyejulikana anaweza kuanza kuionyesha kwa wateja kana kwamba ni yake. Sababu ya wenye parseli wengi nchini kuandika ukutani kwamba nyumba hii haiuzwi ndiyo hiyo.

Eleza pia fedha itapitia wapi. Kama ni dola mkononi, kubalianeni juu ya noti zenyewe, kwa sababu kila mtu hapa anajua noti iliyochanika kidogo inakataliwa sokoni, na ugomvi wa noti moja umevunja urafiki mwingi. Kama ni faranga, andikeni mtafuata kiwango cha kubadilisha cha siku gani na cha nani. Kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, andikeni nani analipa gharama ya kutoa. Ujumbe wa simu unabaki kama ushahidi. Ukipokea mkononi, andika risiti, hata kama ni kwenye daftari la shule, nyote wawili mtie sahihi.

Kuhusu picha: piga asubuhi madirisha yakiwa wazi. Onyesha jiko, choo, siterni, kompteri na njia ya kufikia nyumba, zaidi ya uso wa nyumba na mwonekano wa ziwa. Usionyeshe vitu vya mpangaji aliyepo wala sura za watoto wake. Usiandike popote kwamba nyumba haina mtu, wala kwamba mwenyewe yuko Ulaya. Hilo linasomwa pia na wezi.

Lipeleke wapi, na lini

Kuna majira. Shule hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba, kwa hiyo familia hutafuta nyumba Julai na Agosti, wakati wa kiangazi, njia zikiwa kavu na vitanda vinaweza kubebwa bila kulowa. Wanafunzi wa vyuo huja baadaye, Oktoba na Novemba. Mwenye nyumba ya familia atangaze Juni tayari, na matengenezo yawe yamekwisha. Mwenye vyumba vya wanafunzi asiharakishe kumpa mtu asiyemtaka mwezi wa Agosti.

Njia bora hapa bado ni watu wanaojuana. Peleka tangazo kwenye shirika lako la parokia, kwenye kwaya, kwenye mutualite, kwa mkuu wa wauguzi, kwa katibu wa shule iliyo karibu. Mtu anayekuja kwa mkono wa mtu mwingine anachunga jina la aliyemleta. Makundi ya WhatsApp yanasambaza haraka zaidi, lakini yanaleta pia watu ambao hakuna anayewajua. Redio za mji, kama Radio Maendeleo ambayo ipo tangu 1993, husikika hadi kwenye vilima ambako simu ya kisasa haijafika. Kwa nyumba moja ya bei ndogo huenda gharama isilipe, lakini kwa mwenye vyumba kumi vya wanafunzi ni jambo la kufikiria.

Komisioneri (dalali) ana kazi yake, hasa kama huishi mjini. Anayejua kazi hukuletea watu waliochujwa. Lakini mpe masharti kwa maandishi: bei ni hii na haipandishwi, kamisheni ni kiasi hiki na analipa fulani, kutembelea hakulipiwi. Usiwape makomisioneri watano nyumba moja, kila mmoja ataongeza chake, na mpangaji atasikia bei tano kwa siku moja. Ufunguo ubaki kwako au kwa ndugu yako. Garanti (amana ya mpangaji) isipite mikononi mwa komisioneri hata siku moja. Mpangaji akabidhiwe kwako uso kwa uso, au kwa mtu uliyempa barua ya uwakilishi. Wizi wa kuwalipisha watu wanne garanti ya nyumba moja unapata nafasi hapo tu.

Siku ya kutembelea

Nilimsikia mzee mmoja kule Cahi akimpokea dada aliyekuja kutazama anekse. Dada aliuliza, «Papa, maji hapa yanafika kweli?» Mzee akamjibu, «Mwanangu, fungua mwenyewe.» Dada akafungua, bomba likatoa hewa tu. «Leo ni Alhamisi, hakuna,» mzee akasema. «Rudi kesho usiku uyaone, au muulize mama yule wa mlango wa pili, ameishi hapa tangu mwanawe hajaanza shule.» Dada alimwendea yule mama, wakazungumza kwa sauti ya chini kitambo kirefu, kisha akarudi kuuliza habari ya garanti.

Fanya hivyo. Mwache mgeni afungue bomba, awashe taa, avute maji chooni, apande ngazi na kushuka. Mwache azungumze na wapangaji wengine wewe ukiwa mbali. Kama una haki ya nyumba, mwonyeshe karatasi: sertifika ya ardhi, au barua ya ndugu zako kama ni ya urithi. Kesi za parseli moja yenye wenyewe wawili zimejaa mahakamani, na mpangaji mwenye akili anaogopa kumlipa asiye mwenyewe. Watu watatu wakipanga miadi saa ile ile, usiwagombanishe kwa bei. Mpe kila mmoja dakika zake, waambie utajibu siku fulani, na ujibu hata wale uliowakataa.

Kumchagua

Omba kitambulisho, ambacho kwa wengi wetu ni kadi ya mpiga kura, na uandike namba yake. Uliza kazi, idadi ya watu watakaoishi humo, na namba ya bayeri wake wa sasa au wa mwisho. Mpigie huyo bayeri. Swali la «ni mtu mzuri?» halikupi kitu. Uliza: alikuwa akilipa tarehe gani? Mwezi alipokosa fedha, alikuja kukwambia mwenyewe au ulimtafuta wewe? Katika mji ambao mishahara huchelewa na biashara husimama kwa siku nyingi, kila mpangaji atakuwa na mwezi mbaya. Yule anayekuja kabla ya tarehe akasema «Mama, mwezi huu nitakupa nusu tarehe 5, iliyobaki tarehe 20», na akatimiza, ni mtu wa kumshika kwa mikono miwili.

Sasa niseme lile linaloniuma. Tunao mabayeri wanaokataa watu kwa kabila, kwa lafudhi, kwa sababu mwanamke hana mume, kwa sababu watoto ni sita, kwa sababu familia imekimbia vita vijijini na bado inanuka moshi wa safari. Katiba ya 2006, ibara ya 13, inakataza kumbagua Mkongomani kwa asili yake, dini yake, kabila lake au hali yake katika jambo lolote. Na tukiacha sheria, ni uchaguzi mbaya kwa mfuko wako pia: kabila halilipi kodi na kabila halivunji vioo. Ukiogopa watoto wengi kwa sababu ya maji na choo, sema idadi ya watu ambao nyumba inawamudu, uiandike kwenye tangazo, na iwe sawa kwa kila anayekuja. Ukiogopa wanafunzi, omba mzazi au mlezi atie sahihi pamoja nao.

Karatasi

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 ndiyo inayosimamia upangaji wa nyumba za kuishi nchini. Inataka mkataba wa maandishi, na imeweka ukomo wa garanti ya nyumba ya kuishi kuwa kodi ya miezi 3. Najua wengi mjini wanaomba 6, hata zaidi. Mbali ya kuvunja sheria, bayeri anayeomba 6 anawafungia mlango wauguzi na walimu waaminifu, anabaki na wale wenye fedha nyingi za ghafla. Tangaza miezi 3 na useme wazi kwamba ni 3. Neno hilo peke yake litakuletea watu wengi kuliko mwonekano wa ziwa.

Mkataba uwe na majina, bei na tarehe ya kulipa, garanti na masharti ya kuirudisha, nani anatengeneza nini, habari ya kompteri na siterni, idadi ya watu, na muda wa preavi (notisi ya kuhama) pande zote mbili. Kama mpangaji hasomi Kifaransa vizuri, msomee kwa Kiswahili kila kifungu kabla hajatia sahihi. Tengenezeni nakala, kisha mpite ofisi ya Habitat. Ofisi hiyo ndiyo inayowapatanisha bayeri na mpangaji kabla ya jambo kufika mahakama ya amani, na kesi nyingi zingekwisha hapo kama mkataba ungekuwepo. Mjulishe pia chefu wa avenyu kwamba una mtu mpya. Usithubutu kumtoa mpangaji kwa kung'oa bati au kubadilisha kufuli. Habari hiyo inaenea mtaani, na tangazo lako lijalo litasomwa na watu wanaoikumbuka.

Mapato ya kupangisha yana ushuru wake wa mkoa, IRL, unaokusanywa na ofisi ya mapato ya mkoa, DPMER. Kama mpangaji ni shirika au kampuni, ndilo litakalokata sehemu ya ushuru huo kabla ya kukulipa, kwa hiyo semeni mapema kama bei mliyokubaliana ni kabla au baada ya makato. Uliza kiwango cha mwaka husika DPMER kwenyewe, na udai risiti.

Siku ya kukabidhi funguo, tembeeni chumba kwa chumba na karatasi mkononi. Kioo cha dirisha la pili kina ufa: andika. Kitasa cha choo hakifungi: andika. Namba ya kompteri leo: andika, na mpige picha. Wote wawili mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Nusu saa hiyo ndiyo itakayoamua ugomvi wa garanti miaka miwili baadaye, wakati hakuna anayekumbuka kioo kilivunjwa na nani.

Akishaingia, mwezi wa kwanza ndio wa kuonyesha neno lako. Ukimwahidi fundi wa bati wiki ijayo, fundi aje wiki ijayo. Usiingie ndani bila kubisha na bila kuomba siku. Na siku atakapokupa preavi kwa sababu amejenga kwake au amehamishwa kazi, mwombe akusaidie kutangaza: amtaje mwenzake kazini, awaonyeshe nyumba wanaokuja, aseme mwenyewe maji yanafika lini. Kamilisheni ile karatasi ya chumba kwa chumba, kata gharama ya kilichovunjika kama kipo, na garanti iliyobaki umpe siku hiyo hiyo anayorudisha funguo, mbele ya yule anayeingia.